Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu utafiti wa fotoniki, elektroniki na fizikia tumizi

Nimechoka kujibu moja moja kwenye WhatsApp, na mengi yanajirudia, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Mengine yametoka kwa wadogo zangu walioko fomu six, mengine kwa watu wa chuo wanaotafuta pa kwenda, na machache kwa ndugu zangu wa nyumbani ambao mpaka leo hawajaelewa nafanya kazi gani.

Hivi fotoniki ni nini hasa? Ndo umeme?

Siyo umeme, ila ni majirani wa ukuta mmoja. Mtu wa elektroniki anahangaika na elektroni, anazipitisha kwenye waya na transista mpaka zifanye anachotaka. Mtu wa fotoniki yeye anahangaika na fotoni, yaani chembe za mwanga, anazitengeneza, anazipitisha njia anayotaka yeye, alafu anazihesabu zikifika upande wa pili. Leza ni fotoniki, fiba ya intaneti ni fotoniki, kamera ya simu yako, paneli ya sola, skana ya bakodi pale supamaketi, vyote hivyo. Mama mdogo nilipomwambia nasomea mwanga akafurahi sana, akasema basi nikirudi nitamvutia umeme kwenye kile chumba cha uani. Sikumbishia.

Na fizikia tumizi je? Inaonekana kama jina la kujaza nafasi

Hata mi nilidhani hivo zamani. Chukua balbu ya LED ya kawaida, hii ya dukani. LED nyekundu ilikuwepo tangu 1962, ya kijani ikafuata, lakini ya bluu ikagoma karibu miaka thelathini, na bila bluu huwezi kupata taa nyeupe. Shida haikuwa saketi wala hesabu, shida ilikuwa kuotesha kristali ya galiamu nitraidi iliyo safi, maana ilikuwa inatoka na nyufa na kasoro tupu. Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wakang'ang'ana nayo mpaka ikakubali na wakapewa Nobeli ya fizikia 2014. Sasa hiyo ni semikondakta kwa hiyo mtu wa elektroniki anasema ni yake, inatoa mwanga kwa hiyo mtu wa fotoniki naye anasema ni yake, lakini miaka yote ile ya kuotesha kristali kwenye tanuri na kutupa sampo zilizoharibika ndo fizikia tumizi yenyewe. Ukitaka kuiona kazi yao fungua kifuniko cha balbu ya LED iliyoungua, utaona vidoa vya njano. Chini ya kila kidoa kuna LED ya bluu, ile njano inabadilisha sehemu ya bluu na macho yako yanachanganya vyote yanaona nyeupe.

Mbona kila mtu wa fotoniki lazima amtaje Charles Kao?

Kwa sababu bila yeye usingekuwa unasoma hapa, au ungekuwa unasoma kwa shida sana.

Miaka ya sitini leza ilikuwa imeshapatikana, Theodore Maiman aliiwasha ya kwanza tarehe 16 Mei 1960 kule Malibu, California, na watu wakaanza kuota kutuma simu kwa mwanga. Ila kupitia nini? Kioo cha wakati ule kilikuwa kinapoteza kama desibeli 1,000 kwa kila kilomita. Kwa asiyejua desibeli, kila ukipoteza 10 umebaki na moja ya kumi ya ulichokuwa nacho, ukipoteza 20 umebaki na moja ya mia, sasa 1,000 ni kwamba umebaki na hamna kitu, hata fotoni moja haifiki. Watu wengi wenye akili zao wakasema kioo hakifai na wakaenda kutafuta njia nyingine.

Kao alikuwa mzaliwa wa Shanghai anafanya kazi kwenye maabara ya kampuni ya simu kule Harlow, Uingereza. Yeye hakuuliza kioo kinapoteza kiasi gani maana hilo lilishapimwa, aliuliza mwanga unapotelea WAPI. Mwaka 1966 yeye na mwenzake George Hockham wakatoa pepa, yaani makala ya utafiti, inayosema kosa siyo la kioo, kosa ni la uchafu uliomo ndani ya kioo, vichembe vya chuma na kadhalika, na kwamba ukikisafisha ukashuka chini ya desibeli 20 kwa kilomita biashara inawezekana. Miaka minne baadaye, 1970, watu wa Corning kule Marekani wakafika 17. Leo fiba ya kawaida inapoteza kama 0.2 tu kwa kilomita.

Hesabu yake ni hii, na mi huwa inanisisimua mpaka leo. Kwa lengo la Kao, baada ya kilomita moja unabaki na asilimia 1 ya mwanga. Kwa fiba ya leo unabaki na asilimia 1 hiyo hiyo baada ya kilomita 100, yaani umeuwasha Dar na mtu anausoma karibu na Chalinze bila kuuongezea nguvu popote njiani.

Nobeli alikuja kupewa 2009, miaka 43 baadaye, ameshaugua maradhi ya kusahau na hotuba yake aliisoma mke wake. Na mwaka huohuo, Julai 2009, ndo SEACOM, kebo ya fiba ya chini ya bahari, ikawashwa kwenye pwani yetu, nyingine ya TEAMS ikaingia Mombasa kutokea Fujairah kule Falme za Kiarabu, na EASSy ikafuata 2010. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya intaneti yetu ilikuwa inapanda setilaiti iliyoko kilomita kama 36,000 juu na kushuka tena. Waliokuwa wanakaa intaneti kafe enzi zile wanakumbuka, unabonyeza, unaenda kununua karanga, unarudi ukurasa bado haujafunguka.

Siku ya kawaida ya mtafiti inakuwaje?

Watu wanadhani tunavaa makoti meupe tunapiga kelele tumegundua kitu. Kiukweli siku nyingi unatafuta mwanga uliopotea.

Ngoja niwape ya kwangu. Nilikuwa napima chipu ya silikoni, zile ambazo mwanga unapita kwenye kijinjia chembamba ajabu, kina kimo cha nanomita 220 na upana kama 500, wakati fiba inayoleta mwanga moyo wake una upana wa maikromita 9 hivi. Ni kama kumimina maji ya pipa kwenye mrija wa juisi, kwa hiyo unategemea kupoteza kiasi na kiasi hicho unakijua. Mi nilitegemea kupoteza desibeli 6, nikawa napata 11. Nikabadilisha pembe ya fiba, nikabadilisha chipu, nikarudia simulesheni usiku nikijua nimekosea hesabu mahali, nikamwambia supavaiza wangu labda chipu zilitengenezwa vibaya na yeye akaanza kuandaa barua ya kulalamika kwa waliozitengeneza. Wiki mbili zimekwenda. Siku moja nikaipiga picha meza yangu nikamtumia rafiki yangu ambaye anafunga fiba majumbani huko Tabata, nilikuwa najionyesha tu, akanirudishia voisi ya sekunde nane: "Kaka, mbona umechomeka ya kijani kwenye ya bluu?"

Ndo hivo. Konekta ya kijani kichwa chake kimekatwa kwa mshazari wa nyuzi 8, ya bluu imenyooka, ukizikutanisha zinaacha kijinafasi cha hewa katikati na mwanga unamwagikia hapo. Kila fundi wa fiba Dar anajua hilo wiki ya kwanza ya kazi. Mi nilikuwa na digrii mbili. Barua haikutumwa, namshukuru Mungu.

Hizo leza zenu ni hatari?

Ndiyo, na hatari zaidi ni ile usiyoiona. Leza za kuonekana zenye nguvu isiyozidi miliwati 1 zinaitwa klasi ya 2, hizo ukipigwa jicho linapepesa lenyewe na hiyo inatosha kukuokoa. Klasi ya 3B inafika miliwati 500, na ya 4 ni kuanzia hapo kwenda juu, hiyo inaunguza ngozi na inawasha karatasi. Sasa leza za mawasiliano ni infraredi, nanomita 1310 au 1550, jicho halizioni kabisa kwa hiyo hata kupepesa halipepesi. USICHUNGULIE NCHA YA FIBA hata kama umeambiwa imezimwa. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu nimeshamwona mtu anachungulia, tena mhadhiri.

Lazima niende Ulaya ndo niwe mtafiti? Huku hatuna mashine

Swali hili huwa linanikera kidogo, siyo kwa sababu ni baya, ila kwa sababu nami niliishi nalo miaka minne nikijisikitikia.

Ni kweli kuna vitu hatuna. Chumba safi cha kutengenezea chipu ni pesa ambayo hata vyuo vingi vya Ulaya havina, wao wenyewe wanaunganisha michoro ya watu kibao kwenye kaki moja ya silikoni, yaani kisahani kinachokatwa kuwa chipu, na kugawana gharama, alafu wanasubiri miezi. Lakini nusu ya kazi inafanyika kwenye kompyuta. Meep ni programu ya bure iliyotoka MIT, inatatua milinganyo ya Maxwell, ile ya umeme, sumaku na mwanga, na utaona mwanga unavyotembea ndani ya kitu ulichochora. Ngspice ni ya saketi, KiCad ya kuchora bodi, zote hulipii hata senti. Kompyuta yako itapumua kama mgonjwa wa pumu lakini itamaliza.

Na siyo kwamba huku hakuna kitu. Idara ya fizikia pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekaa miaka mingi kwenye filamu nyembamba za sola, yaani tabaka jembamba sana la kunasa mwanga wa jua, wakishirikiana na Uppsala kule Sweden kupitia programu yao ya ISP. Chuo Kikuu cha Eldoret kuna watu wa fiba. Kigali kuna EAIFR, taasisi ya utafiti ya Afrika Mashariki ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, ilianza 2018 na ni mtoto wa ICTP, kituo cha fizikia cha Trieste, Italia. Pretoria kuna African Laser Centre, na Dakar ndo walianzia mtandao wa leza wa Afrika, LAM, mwaka 1991.

Afrika Mashariki tumewahi kutoa kitu chochote kwenye fizikia?

Watu hunitajia Uhuru, setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengenezwa kwa ajili ya kuangalia eksirei za angani, ilirushwa baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya ndo maana ikapewa jina hilo. Naipenda hiyo habari, lakini tuwe wakweli, bahari ilikuwa yetu na jina lilikuwa letu, kazi ilikuwa ya Wamarekani na Waitaliano.

Mi nawatajia Erasto Mpemba. Mwaka 1963 yuko fomu three Magamba, kule Lushoto, wanatengeneza aiskrimu, yeye akaona nafasi kwenye friza zinaisha akaweka maziwa yake yakiwa ya moto bila kusubiri yapoe. Yake yakaganda kabla ya ya mwenzie aliyeweka ya baridi. Akauliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Akaenda Mkwawa, Iringa, akauliza tena, mwalimu mwingine akamtania mbele ya darasa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Alafu siku moja akaja Denis Osborne wa chuo kikuu Dar kutoa mhadhara, kijana akanyoosha mkono akauliza swali lilelile, wanafunzi wenzie wakacheka. Osborne hakucheka. Akarudi Dar akalipima, na 1969 wakachapisha wote wawili kwenye jarida la Physics Education. Mpaka leo dunia inabishana, 2016 watafiti Uingereza walipima upya wakasema hawauoni ushahidi wa maana, wengine wanasema upo ila una masharti yake. Sijali sana nani atashinda. Ninachotaka uone ni kwamba hapo vifaa vilikuwa friza na maziwa.

Hesabu nyingi?

Nyingi. Milinganyo ya Maxwell, Fourier, matriki. Zinazoeleka.

Nikitoa pepa nalipwa shilingi ngapi?

Hahaha. Hulipwi. Baba yangu mkubwa hili hataki kulikubali mpaka kesho. Unaandika bure, watafiti wengine wanaisoma na kuichambua bure, alafu jarida linauza au linakudai wewe ulipe ili watu wasome bure. Mengi ya majarida ya kulipia yana punguzo au msamaha kwa waandishi wa nchi zetu, lakini mara nyingi inabidi uombe, tena mapema, wakati unatuma pepa, ukisubiri mpaka imekubaliwa utajibiwa vibaya. Nakala yako iweke arXiv, ghala la pepa la mtandaoni, ipo tangu 1991, haina malipo kuweka wala kusoma, na wanafizikia wengi wanaanzia hapo kabla ya jarida.

Ukipata imeili inayokuita "Profesa Mheshimiwa" wakati hata masta hujamaliza, wanataka pepa yako ndani ya siku tatu, uwalipe kwanza, hao ni wezi. Nina rafiki alilipa. Pepa yake ipo huko mpaka leo pamoja na makosa yake ya tahajia, hawakusoma hata ukurasa mmoja.

Nianzie wapi kupata skolashipu?

Anza na ICTP, kituo alichokianzisha Abdus Salam, Mpakistani, mwaka 1964 kule Trieste, Italia, hasa kwa ajili ya watu wa nchi kama zetu. Kuna Diploma ya mwaka mmoja ya kukuandaa kwa PhD, kuna STEP ambayo PhD unafanyia chuo chako cha nyumbani lakini unaenda huko kwa vipindi, kuna TRIL ya kukuweka kwenye maabara za Italia, na kuna ile Winter College ya optiki ambayo hufanyika Februari. Usiogope jina, nusu ya watu utakaowakuta ni waoga kama wewe.

Kuhusu kumwandikia profesa, nimeona imeili zenu nyingi na karibu zote zina tatizo moja, zinamwambia profesa kwamba unaipenda sayansi tangu utotoni. Haimsaidii. Soma pepa yake moja, moja tu lakini uisome kweli, tafuta grafu ambayo hukuielewa, umwulize kuhusu hiyo grafu kwa sentensi mbili, alafu umwambie umefanya nini wewe mwenyewe, hata kama ni simulesheni ya Meep kwenye laptopu mbovu. Mi niliandika imeili 31 za aina ya kwanza nikajibiwa moja, ya kukataliwa. Za aina ya pili niliandika 4, nikajibiwa 3.

Wasichana wanaiweza?

Donna Strickland alikuwa mwanafunzi wa PhD kule Rochester, Marekani, yeye na Gérard Mourou walipotoa pepa ya 1985 ya namna ya kupata mapigo makali ya leza bila kuvunja vifaa vyake: unalinyoosha pigo, unaliongeza nguvu, alafu unalibana tena. Ilikuwa pepa yake ya kwanza kabisa. Nobeli 2018. Anne L'Huillier naye 2023. Uliza swali lingine.

Chipu za mwanga zitaua elektroniki?

Sioni. Fotoni zina tabia ya kupishana bila kusalimiana, ndo maana ni nzuri sana kwa kubeba data mbali na ni mbaya kwa kufanya maamuzi. Swichi inataka kitu kimoja kikizuie kingine, na hapo transista, tangu 1947 ilipotoka Bell Labs, haijapata mpinzani. Kinachotokea sasa ni kwamba kwenye vituo vya data waya za shaba zinapoteza nguvu na kupata moto, kwa hiyo mwanga unasogea karibu na karibu na chipu yenyewe. Ni ndoa, siyo msiba. Mtu anayejua pande zote mbili hakosi kazi.

Mwanga ukipotea kwenye fiba unaenda wapi?

Hili aliniuliza mpwa wangu wa darasa la tano na ndo swali bora kuliko yote ya hapo juu, ndo la Kao lenyewe ingawa yeye hajui.

Kidogo kinamezwa na kioo kinakuwa joto, dogo mno, huwezi kulihisi. Kilichobaki, na ndo kikubwa, kinatawanyika. Kioo hata kiwe safi vipi kiliganda kikiwa na vijisehemu visivyo sawa, mwanga ukikutana navyo unaruka pembeni, na mwanga wa wimbi fupi unatawanyika zaidi sana kuliko wa wimbi refu. Ndo maana tunatumia infraredi ya 1550 na siyo bluu, bluu ya nanomita 450 ingetawanyika kama mara 140 zaidi. Na hewa inafanya hivyohivyo kwa mwanga wa jua. Kwa hiyo nikamtoa nje mchana saa nane, nikamwambia angalia juu, ile bluu yote unayoiona ni mwanga uliopotea njiani.

Akaangalia kidogo, akasema, "Sasa mbona haujapotea, si ule pale?"